Meno Yaliyolazwa na Pikipiki

Haya nilisimuliwa na Ellinor, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwaka juzi wakati wa Majilio, tukiwa jikoni kwake tunakanda unga wa biskuti za Krismasi. Mumewe, Evald, alikuwa sebuleni anasoma gazeti, na kila Ellinor alipofika mahali pabaya, gazeti lilipanda juu kidogo. Kwa hiyo najua ni kweli, maana mtu hajifichi nyuma ya gazeti kwa ajili ya uongo.

Evald ana pikipiki nyeusi ya mwaka hamsini na mbili, ya silinda moja, aliyoachiwa na baba yake. Huku kwetu Denmark kaskazini pikipiki za umri huo haziendeshwi wakati wa baridi. Barabara zinamwagiwa chumvi, na chumvi ikishagusa chuma cha zamani haikiachi. Basi ikifika mwisho wa Oktoba wazee wote wa chama cha pikipiki wanazilaza. Ndivyo wanavyosema wenyewe, kuzilaza, na wanalitaja neno hilo kwa sauti ya chini kama vile kuna mtoto mchanga chumbani.

Na kulaza pikipiki si kuifunika shuka ukaenda zako. Tangi linajazwa petroli mpaka kooni, kutu isipate pa kukaa. Kabureta inamwagwa yote na vitundu vyake vinapulizwa. Plagi inatolewa, silinda inatiwa oili kidogo, halafu kiki inapigwa polepole ili oili ienee. Betri inahamia ndani ya nyumba kukaa na viazi. Ekzosi inazibwa kwa tambara, panya wasije wakaigeuza chumba cha wageni. Ikishanyanyuliwa juu ya magogo na kupakwa grisi kila palipo na mng'aro, pikipiki nzima inaingizwa kwenye mfuko mkubwa wa nailoni wenye zipu, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu. Zipu ikishafungwa, hakuna kuigusa mpaka Aprili.

Shida ya Evald ilikuwa hapo penye kutoigusa. Kila mwaka ikifika Desemba mikono inamwasha. Anasema anakwenda kuchukua kuni, na kitambo kidogo mtaa mzima unasikia dugu-dugu-dugu kutoka bandani. Sasa kuwasha injini kidogo tu kwenye baridi, eti kuisikia sauti, ni kosa ambalo hata mimi nisiyeendesha ninalijua. Injini haipati joto, maji yanabaki ndani, chuma kinaoza kimya kimya. Evald ameshatoboa ekzosi mbili kwa mapenzi ya namna hiyo.

Ndiyo sababu chama kikampa Bodil kazi ya lakiri, ile nta ya kufungia barua. Bodil ni mjane wa aliyekuwa mwenyekiti, mwanamke mpana mwenye sauti ya mtu anayeitia mlangoni, na alifanya kazi posta miaka yake yote. Anapita kila banda, anapitisha utepe kwenye zipu ya mfuko, anaudondoshea lakiri nyekundu, kisha anagandamiza kifungo cha koti la marehemu mumewe. Atakayekutwa lakiri yake imevunjika kabla ya Aprili anaosha pikipiki za wenzake wote kwenye safari ya kwanza, akiwa amevaa aproni ya Bodil yenye maua. Evald ameivaa aproni ile mara nyingi mpaka inamkaa vizuri.

Lakini mwaka ule kulikuwa na jambo kubwa kuliko aproni. Jumamosi iliyokuwa inakuja, Evald na Ellinor walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Na sherehe ya ndoa huku kwetu haikamiliki mpaka mume asimame mbele ya watu wote na kumwambia mkewe maneno.

Miaka ishirini na mitano ilipotimia, Evald hakuyasema. Watu walikaa, glasi zikajazwa, wakatazama kiti chake, kiti kitupu. Kutoka bandani ikasikika dugu-dugu-dugu. Ikabidi kaka yake asimame badala yake, naye kwa haraka akamsifu Ellinor kwa supu ambayo ilipikwa na mtu mwingine. Ellinor alicheka na wageni usiku ule, lakini jambo lile alilihifadhi kabatini pamoja na sahani nzuri, na kila alipofuta sahani alilifuta nalo.

Kwa hiyo safari hii Evald aliahidi mambo mawili. Lakiri haitaguswa, na hotuba ataisema mwenyewe kwa kinywa chake. Ellinor akamwambia ataamini akiona. Mzee wa watu akawa kila akiingia bandani anajifunza maneno yake mbele ya pikipiki, na Ellinor akipita nje anasikia mvumo tu, kama nyuki kwenye chupa.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuilaza. Evald alifika kwenye kabureta. Vitundu vya kabureta ni vidogo sana, na wazee wetu hawaamini pampu, wanaamini mapafu. Lakini Evald ana meno ya bandia, juu na chini, na ukipuliza kwa nguvu ukiwa na meno ya bandia, yanaweza kukutangulia. Yalishawahi kumtoka, yakavuka banda, yakatumbukia kwenye beseni la oili chafu. Tangu hapo anayavua kwanza. Akayafunga kwenye kitambaa safi, akayaweka kwenye kisanduku cha spana chini ya kiti cha pikipiki, mahali pa heshima, akaanza kupuliza.

Hapo hapo Bodil akatokea na mshumaa wake na lakiri yake, saa nzima kabla ya wakati, kwa sababu mtu wa banda la kwanza hakuwapo. Akasimama mlangoni akisema ana haraka, kahawa yake inapoa kwa fulani. Evald akababaika. Akarudisha kabureta, akaweka grisi, wakauvuta mfuko juu wote wawili, zipu ikafungwa, lakiri ikadondoka, kifungo kikagandamizwa. Bodil akapuliza mshumaa. Evald akamshukuru na kuiaga pikipiki yake kwa kichwa tu, kwa sababu midomo ilikuwa bado ina ladha ya petroli.

Aligundua wakati wa chakula cha jioni. Aliuma mkate mweusi wenye samaki wa siki, na hakuna kilichoumana. Akakaa na ule mkate mdomoni kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake aushike. Kisha akauteremsha polepole kwenye kiganja na kusema tumbo halijakaa sawa, angependa uji.

Ellinor akampikia uji. Lakini usiku ule aliangalia glasi iliyo kando ya kitanda, ile ya meno, akaona maji matupu. Aliniambia alielewa yote papo hapo, kama aliyekuwapo bandani.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaendelea kukanda unga. Akasema alitaka kuona mzee wake atakwenda upande gani.

Ijumaa asubuhi Evald akajizungusha skafu mpaka puani, akaenda kwa Bodil. Akamweleza shida yake polepole, kwa sauti ya chini na kwa adabu zote, dada yangu huku, dada yangu kule, afungue kidogo tu, meno yake yamo ndani. Bodil alikuwa anafagia majani. Hakuacha kufagia.

"Mwaka juzi ilikuwa miwani," akasema.

"Miwani ilikuwa uongo. Hii ni kweli."

"Na mwaka jana paka amefungiwa humo, anakosa pumzi."

"Paka naye alikuwa uongo, dada yangu. Sikatai."

Evald akashusha skafu, akafungua mdomo wote. Bodil akainama akachungulia kama anayeangalia mkate ndani ya tanuri. Pengo tupu, huku na huku. Akakubali kwamba meno hayamo humo, lakini akasema hiyo haina maana yamo kwenye pikipiki, yanaweza kuwa mfukoni. Evald, kwa kutaka kuonyesha usafi wake, akageuza mifuko yote nje. Ikaanguka nati. Zikaanguka pipi za kikohozi. Halafu ikaanguka plagi, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Bodil na kusimama.

Ilikuwa plagi ya jana, ile aliyoitoa ili atie oili. Alikuwa ameitia mfukoni na kuisahau. Lakini hebu niambie, wewe ungemwamini?

"Mzee Evald," Bodil akasema, "mtu anayetafuta meno, plagi ni ya kutafunia nini?"

Akamrudishia nati na pipi. Plagi akabaki nayo.

Kutoka hapo Evald akaenda kwa Preben, rafiki yake wa tangu utoto, ambaye naye ni kibogoyo wa miaka mingi. Preben alimwamini mara moja, kwa sababu Preben huamini lolote linaloelekea kwenye kuwasha injini. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa kuchana mfuko kwa chini, pasipoonekana, kutoa meno, na maadamu mkono umeshaingia, kujaribu kiki moja tu. Kisha wabandike kiraka. Lakiri itabaki juu nzima kama malkia.

Evald akasema hapana. Preben akafikiri, akatoa ushauri wa pili. Akavua meno yake mwenyewe, akayasuuza bombani, akayakausha kwenye shati na kumpa rafiki yake ajaribu.

Sasa Preben ana taya la farasi wa mkokoteni. Meno yake yalipoingia kwenye mdomo wa Evald, midomo ilikataa kukutana. Alipojaribu kusema jina la mkewe, meno ya juu yalibaki nyuma na ya chini yakaenda mbele. Mke wa Preben alipita na kikapu cha nguo, akamwona Evald anacheka naye kwa meno yote yale, akarudi alikotoka. Na hata kama yangekaa vizuri, Preben mwenyewe alikumbuka kwamba kesho kutakuwa na nyama ya nguruwe ya kuoka yenye ngozi iliyokauka, ile inayolia kruu kruu, na urafiki una mpaka.

Jioni ile Evald akaingia bandani peke yake na kisu cha kukatia zulia. Ellinor alikuwa dirishani jikoni na taa ameizima. Kupitia mlango wa banda uliokuwa wazi alimwona mumewe amesimama mbele ya mfuko. Akamwona anapiga magoti. Aliniambia hapo mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango, na hakujua kama anakwenda kumzuia au kumshikia tochi. Evald aligusa nailoni kwa ncha ya kidole. Kisha akainuka kwa shida, akakirudisha kisu ukutani, akatoka na kufunga banda. Alipoingia ndani alisema alikwenda kuchukua kuni. Mikono ilikuwa mitupu. Ellinor akamwambia asante kwa kuni.

Kulipopambazuka Jumamosi majirani tulikuwa tumeshajenga lango la matawi ya msonobari mlangoni kwao, lenye namba hamsini iliyokatwa kwa karatasi ya dhahabu. Nilikuwapo mwenyewe, nilishika ngazi. Tarumbeta ikapigwa, tukaimba mpaka wakatoka na makoti juu ya nguo za kulalia. Evald akatupungia mkono na kutabasamu kwa midomo iliyofungwa. Nilidhani ni baridi.

Mchana tukawa ukumbini. Huku kwetu wageni wakigonga sahani kwa uma, wenye ndoa wanapanda juu ya viti wanabusiana, na wageni wakikanyaga sakafu kwa miguu, wenye ndoa wanaingia chini ya meza wanabusiana huko. Watu walikuwa hawana huruma siku ile. Wale wazee wawili walipanda na kushuka kama kuku kwenye ngazi ya banda. Busu halihitaji meno, hapo Evald hakuwa na shida. Ellinor aliniambia, akiwa ameshusha sauti ili asisikike sebuleni, kwamba mabusu yale yalikuwa laini kuliko ya miaka mingi.

Ikaletwa nyama. Evald akaitazama ile ngozi kavu inavyong'aa, akamsukumia Preben. Preben akaila kwa masikitiko makubwa na kelele nyingi.

Halafu Evald akasimama.

Ellinor aliutazama mlango kwanza, kwa mazoea. Kisha akamtazama mumewe. Yupo. Evald akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa upepo mwingi wenye maneno machache ndani yake. Kila S ilikuwa filimbi na kila F ilikuwa mvua. Walioketi meza ya mbele walifuta miwani. Wa nyuma wakaanza kuulizana anasemaje, mwingine akasema amekunywa, mwingine akasema hapana, analia. Nilimwona Bodil ameganda na kijiko hewani.

Evald akasita. Masikio yalikuwa yamemwiva. Ndipo Ellinor akainuka, akamwekea mkono begani.

"Kaeni kitako," akawaambia watu. "Nitawatafsiria. Huyu nimemzoea."

Evald akashusha pumzi na kuanza tena, sentensi ndefu, akaonyesha kwa mikono jinsi watu wanavyocheza dansi. Ellinor akasikiliza kwa makini sana.

"Anasema kuanzia Jumatatu atasafisha mifereji ya paa."

Watu wakacheka. Evald akatikisa kichwa kwa nguvu na kutoa filimbi mbili tatu.

"Na madirisha," Ellinor akasema. "Asante, mume wangu, madirisha sikuwa nimeyafikiria."

Kadiri Evald alivyokataa ndivyo alivyozidi kuahidi. Aliahidi kusafisha ghala, aliahidi kupaka rangi uzio, aliahidi kumtembelea dada wa Ellinor kule Aalborg na kukaa mpaka keki iishe. Wakati mmoja alipiga meza, na Ellinor akaeleza kwamba anaapa. Mwishowe Evald mwenyewe akaanza kucheka, na mtu asiye na meno akicheka hakuna awezaye kujizuia. Preben ikabidi avue ya kwake ayaweke kwenye leso, yasije yakamtoka.

Kelele zilipotulia, Evald akawapa watu mgongo. Akamshika mkewe mkono na kusema kwa sauti ya chini, polepole, na kwa sauti ya chini ile filimbi ikapungua. Ellinor alisikia kila neno.

"Siku ile sikukimbilia pikipiki, Ellinor. Magoti yalikuwa yanagongana. Nilikwenda kukaa juu ya kitu ninachojua kukiendesha. Hata leo yanagongana. Lakini nimebaki."

Wageni wakaanza kugonga sahani. Anasemaje, anasemaje. Ellinor hakugeuka haraka. Alimtengeneza mumewe tai, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Anasema nyama inapoa," akatuambia. "Kuleni."

Bodil ndiye aliyekuja kwenye meza yao, uso mwekundu kuliko lakiri yake. Alisema hajawahi katika miaka yote ya posta kuzuia mzigo wa mtu kwa makosa. Akataka twende bandani sasa hivi. Tukaenda, karibu ukumbi mzima, na nguo zetu za sherehe, tukajipanga ndani ya banda na nje ya banda. Bodil akavunja lakiri kwa kijiko cha keki, mbele ya mashahidi, zipu ikafunguka, kisanduku cha spana kikafunguliwa. Meno yalikuwamo kwenye kitambaa chao, makavu kabisa, kwa sababu vile vifuko vya kunyonya unyevu vinafanya kazi.

Hapo mambo yangekwisha. Lakini pikipiki ilikuwa wazi, imepakwa grisi, inang'aa chini ya balbu, na wazee wa chama walikuwa wameizunguka kwa kimya cha kanisani. Mmoja akasema kwa bahati mbaya tangi limejaa. Preben akasema kwa bahati mbaya zaidi kwamba ana plagi moja mfukoni. Wote wakamtazama Bodil. Bodil aliniungamia baadaye kwamba alihesabu moyoni kama ekzosi moja ni ghali sana. Kisha akanyoosha kiganja, akachukua plagi ya Preben, akaitia kwenye mkoba pamoja na ile ya Evald, na kuubana mkoba kwapani.

Evald alikuwa amesimama na meno mkononi, bado hajayavaa. Akaitazama pikipiki yake, akautazama mkoba wa Bodil, akafumba macho. Akaanza kwa midomo mitupu: dugu, dugu, dugu-dugu-dugu. Nakwambia ilikuwa ni yenyewe. Midomo isiyo na kizuizi ilipigapiga kama ekzosi ya silinda moja ikiwa baridi, na alipotia gia nilisogea pembeni. Preben akavua ya kwake akajiunga. Wengine wenye meno walijaribu lakini walitoa sauti ya cherehani. Tulizunguka mji mzima tukiwa tumesimama bandani, tukapanda kilima cha kanisa, tukashuka, na Bodil mwenyewe alisikika akipiga honi.

Kisha akayeyusha lakiri mpya, pikipiki ikalazwa upya, na watu wakaenda kwao.

Ellinor na Evald waliingia ndani wamechoka. Evald akayaosha meno, akayatia kwenye glasi ya kando ya kitanda. Akasema, sasa kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye kitandani kwake, kwamba mifereji ya paa hakuitaja hata kidogo. Ellinor akamwambia watu wote wa kijiji wamesikia. Evald akafikiri jibu, na kabla hajalipata usingizi ukamchukua.

Akaanza kukoroma, dugu-dugu-dugu, taratibu, kama inavyounguruma ikiwa imesimama njia panda. Ellinor alilala chali akaisikiliza kwa muda. Halafu akatoa mguu wake wenye baridi chini ya shuka, akampiga kiki moja ndogo kwenye muundi. Injini ikazima. Ellinor akavuta blanketi, akajigeuza upande wake, naye akalala.